Mposaji wa Vilima vya Mizabibu

8 Januari

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kifua kilichokusumbua siku niliyoondoka kimeshatulia. Mimi sijambo, ila miguu inaniuma, na sababu nitakueleza. Shangazi anakusalimu sana. Anasema kama baba yake bado anajaza sukari kwenye chai kama anapika jamu, aache.

Safari ilikuwa nzuri. Nilikaa dirishani na hakuna aliyenisemesha.

Nyumba ya Shangazi iko kwenye mgongo wa kilima. Ina vyumba vinne vya wageni, na kila dirisha linatazama mizabibu. Imepandwa kwa mistari na kufungwa kwenye nyaya, mstari baada ya mstari mpaka chini bondeni. Ukiitazama kutoka juu unaona kichwa kilichosukwa. Ungeipenda, ingawa najua ungesema hapa na pale mkono wa msusi uliteleza.

Nyuma ya jiko kuna banda la baiskeli. Wageni wa Shangazi huja kuonja divai kwenye viwanda vidogo vya huku, kisha wanataka kuzunguka vilimani kwa baiskeli. Shida ni kwamba barabara wanayoijua ni ile kubwa tu, na mavuno yakianza malori ya zabibu huteremka pale kana kwamba yanafukuzwa. Mwaka jana mgeni mmoja alilikwepa lori akaishia mtaroni. Hakuumia, lakini hakurudi tena, na marafiki zake hawakuja.

Kwa hiyo Shangazi ameniambia hivi: "Wewe si unapenda kimya? Haya, nitafutie barabara za kimya. Una muda mpaka mavuno." Nikizipata, na nikiweza kuwaongoza wageni mwenyewe, ataniajiri moja kwa moja. Nisipoweza atamwita kiongozi kutoka mjini, mtu aliyezoea kuongea na watu, nami nitarudi kwako.

Babu, naitaka kazi hii. Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono hata kwa swali nililolijua, unakumbuka walimu walivyokuwa wanalalamika. Lakini nikiwa juu ya baiskeli, kilima kikiwa kirefu na pumzi imebana, sioni haya. Hakuna anayenitazama, na mimi mwenyewe najisahau.

Siku hizi nani anafagia nywele saluni kwako?

Mjukuu wako


19 Januari

Mchumba wangu uliyenikimbia,

Marahaba! Marahaba kwako, na kwa Shangazi yako pia, ingawa yeye hakuniamkia, alinitumia hotuba ya sukari. Mwambie chai yangu inaendelea vizuri. Kifua kimetulia. Kimebaki kikohozi kidogo cha kuwaamsha wateja wanaosinzia kwenye kiti.

Nywele nafagia mwenyewe. Fundi viatu wa mlango wa pili aliniona nimeinama na ufagio akasema, "Hongera mzee, umepata ajira." Nikamwambia, "Na bosi wangu ananipenda, si kama mkeo." Hakunijibu mpaka mchana.

Wateja wanakuulizia. "Yule binti wa pembeni yuko wapi?" Nawaambia amekuwa mkuu wa barabara zote za vilimani, na akikasirika anafunga njia. Wengine wameamini.

Sasa mimi nikuulize. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamsomea fundi viatu. Umeniandikia mizabibu, umeniandikia nyaya, malori, madirisha. Watu je? Huko hawaishi watu? Umekutana na nani, umeongea na nani? Shangazi yako simhesabu, huyo nimemzaa mwenyewe.

Na usishuke kilima kwa kasi. Mimi baiskeli siijui, lakini nimenyoa vichwa vingi vilivyoshonwa, na wenyewe wote walianza hadithi yao kwa kusema breki ilikuwa nzima.

Mchumba wako asiye na mpinzani,
Babu


6 Februari

Babu yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Miguu imezoea, siku hizi napanda kilima cha nyuma bila kushuka na kukokota. Kikohozi je? Usinidanganye, maana nikija nitamuuliza fundi viatu.

Nimepata njia mbili. Ya kwanza ni ya wageni wasiozoea. Inaanzia nyuma ya banda, inafuata ukingo wa shamba mpaka kwenye tangi la maji, halafu inashuka taratibu kwa kona pana ambazo hata mtu mwoga anaweza kuachia breki kidogo. Ya pili ndiyo ninayoipenda. Inapanda mpaka kilima cha pili, kwenye lami ya zamani iliyoachwa barabara kubwa ilipojengwa. Lami imepasuka na nyasi zimeota katikati, lakini matairi yanapita bila shida. Asubuhi harufu ya udongo uliomwagiliwa inapanda kutoka mashambani. Ukiacha kukanyaga pedali unasikia gurudumu la nyuma tu, tiki tiki tiki, na ndege. Kisha njia inazama bondeni na kutokea nyuma ya kiwanda kidogo cha divai, ambako mlango wa ghala huwa wazi na unaona mapipa yamelala ubavu kwa safu.

Uliniuliza habari za watu. Wapo. Tatizo lao ni kwamba wanakaa barazani. Kila kona yenye kivuli ina nyumba, na kila baraza lina mtu anayetazama barabara. Ukipita lazima usalimie. Ukisalimia unaulizwa habari za utokako. Ukijibu unaulizwa wewe mtoto wa nani, na hapo hata kwenye baiskeli hujashuka. Kuna mmoja wanamwita Mama wa Kona, kwa sababu nyumba yake iko kwenye kona kali ambayo huwezi kuipita bila kupunguza mwendo. Siku ya kwanza aliniita, "Wee binti, mbona unapita kama umeiba?" Nilikanyaga pedali mpaka mnyororo ukalia. Kesho yake nikatafuta kijia cha nyuma, katikati ya mistari ya mizabibu, nikamzunguka. Nyumba nyingine nazo nimezizunguka hivyo hivyo, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo njia zangu ni za kimya kwelikweli.

Shangazi amefurahi. Jumamosi wanakwenda wageni wa kwanza, mwalimu mstaafu na mkewe. Nimewaandikia maelekezo kwenye karatasi, kona kwa kona, na nimemwomba Shangazi waende wenyewe safari hii. Aliguna, lakini alikubali. Niombee, Babu.

Mjukuu wako


17 Februari

Babu,

Shikamoo. Natumaini wewe mzima. Mimi mwili hauna neno.

Sikusubiri barua yako kwa sababu nina habari mbaya. Wale wageni walikatikiwa na mnyororo kule mbali, bondeni. Jua lilikuwa kali na maji yao yalikuwa yameisha. Wakaanza kukokota baiskeli. Walikokota na kukokota na hawakumwona mtu. Yule mama akashikwa na kizunguzungu, akakaa chini ya mizabibu. Mumewe aliita mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyesikia. Waliokolewa na mpuliza dawa ya mizabibu aliyepita na pikipiki kwa bahati tu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amekosea shamba.

Yule mama hajambo. Alikunywa maji, akalala, akaamka anaongea. Lakini waliondoka kabla ya siku zao, na mwalimu alinirudishia ile karatasi yangu, imekunjwa vizuri. Afadhali angenifokea.

Asubuhi yake Shangazi alichukua baiskeli akaipita njia yote mwenyewe. Aliporudi alikaa kwenye ngazi anavua viatu.

"Mwanangu," akasema, "nimeishi vilima hivi tangu nilipoolewa. Siwezi kwenda kununua chumvi bila kusimamishwa na watu wanne. Wewe umenipitisha humu asubuhi nzima sikuona hata kivuli cha mtu. Umewezaje?"

Nikainama kufuta vumbi kwenye baiskeli yake.

"Nilitaka kimya cha malori," akasema. "Hiki ulichonitafutia ni kimya cha makaburini."

Hakunigombeza, Babu. Aliniambia tu kwamba mwisho wa mwezi ujao mavuno yanaanza na linakuja kundi kubwa la wageni. Kama sitaweza kupita nao mbele za watu, nimwambie mapema amwite yule kiongozi wa mjini. "Sitakuchukia," akasema, akaingia jikoni.

Nilikuwa nafikiri nimefanya kazi vizuri. Hilo ndilo linaloniuma. Nilijitahidi sana, na kumbe nilichokuwa najitahidi ni kujificha, nikawaficha na wageni.

Naona siwezi. Niambie nirudi, nitarudi.

Mjukuu wako


24 Februari

Mchumba,

Marahaba, na pole sana. Barua yako ilifika saluni imejaa watu, nami kwa haraka zangu nikaifungua na wembe mkononi. Mteja akaniambia, "Mzee, soma au nyoa, chagua kimoja." Nikasoma, nikamwacha na povu shavu moja.

Nilipofika pale pa "niambie nirudi" moyo wangu uliruka, sikufichi. Nikatangaza hapo hapo: "Jamani, mjukuu wangu anarudi!"

Fundi viatu akatokeza mlangoni na kiatu cha mtu mkononi. "Anarudi kufanya nini?"

"Kukaa na babu yake."

"Kwani kashindwa?"

"Hajashindwa. Ana haya tu."

"Haya kazitoa wapi? Mtoto kakulia saluni, mahali watu wanapiga domo kutwa nzima!"

Ndipo yule wa povu akadakia. "Angeongea saa ngapi? Mimi nanyolewa hapa miaka yote. Nikimuuliza binti hujambo, mzee anajibu hajambo. Nikimuuliza uko darasa la ngapi, mzee anataja darasa na jina la mwalimu juu. Huyu mzee mdomo wake hauna breki. Maneno ya mtoto kayamaliza yeye."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Nikamwambia, "Wewe nyamaza, povu linakauka." Lakini nilimnyoa mpaka mwisho bila kusema kitu, hata fundi viatu akaingia kunitazama kama nimeugua.

Basi sikwambii rudi. Kitanda chako kipo, mlango upo, lakini neno lenyewe silisemi. Badala yake nakupa mbinu yangu ya kazi. Mtu mgeni akikaa kwenye kiti changu, mimi naanza na utani. Utani mkubwa, usio na aibu. Akicheka, ni wako. Nenda kwa huyo Mama wa Kona, simama mbele ya baraza lake, mwambie: "Hodi, nimekuja kuposa." Huo nimeutumia kwenye nyumba za watu tangu ujana na haujaniangusha hata siku moja.

Jaribu, kisha uniandikie.

Babu yako


9 Machi

Babu,

Shikamoo. Mimi mzima. Shangazi mzima pia, isipokuwa mbavu, maana amecheka siku nzima na kosa ni lako.

Nilikwenda. Nilishuka kwenye baiskeli kabla ya kona nikaikokota, kwa sababu nilijua nikibaki juu yake nitakimbia. Mama wa Kona alikuwa barazani anachambua zabibu kavu za mwaka jana kwenye ungo. Nikapiga hodi, akanikaribisha. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza hujambo. Nikasema, "Sijambo, nimekuja kuposa."

Babu, wewe ukisema utani unaanza kucheka mwenyewe, watu wanajua. Mimi sikucheka. Niliinamisha kichwa, nimekamata usukani kwa mikono miwili, na sauti yangu haikuzidi ya mbu. Mama wa Kona akaweka ungo chini taratibu. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Umetumwa na wakubwa zako?"

"Ndiyo," nikasema. "Babu ndiye aliyenituma." Si kweli? Ulinituma.

"Basi kaa, mwanangu, usisimame juani." Akageukia mlangoni, akapaza sauti: "Wewe! Acha hiyo supu, utoke nje! Nimekuambia kila siku utafute mchumba, sasa mchumba kakutafuta mwenyewe."

Akatoka mwanawe wa kwanza. Babu, ni mtu mzima, ana mvi kwenye ndevu. Alikuwa na fulana na kijiko. Alinitazama, nikamtazama, na sijui nani aliogopa zaidi.

"Mama," akasema, "huyu si mtoto wa shule?"

"Nimemaliza," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Niliulizwa swali nikajibu kweli. Yule baba alirudi ndani mbio kuliko alivyotoka, na mlango akaufunga. Hapo nikatamani ardhi inimeze. Lakini nikaona nikiondoka sasa mambo yatakuwa mabaya zaidi, basi nikafungua mdomo na yote yakatoka kwa mkupuo: kwamba ni utani, kwamba babu yangu ni kinyozi, kwamba kuna wageni na njia na mnyororo uliokatika, na yule mama aliyekaa chini ya mizabibu bila maji, na kwamba nilikuwa nakuja kuuliza kama wageni wangu wanaweza kupumzika hapa wakiishiwa maji. Sijawahi kumwambia mtu nisiyemjua maneno mengi namna ile.

Mama wa Kona alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa nguo yake. Kutoka ndani mwanawe akauliza kwa mbali, "Ameshaondoka?" mama akacheka upya. Kisha akaniambia, "Kumbe wewe ndiye yule unayepita nyuma ya nyumba yangu unadhani sikuoni! Kila asubuhi namwambia huyu mwanangu, yule mtoto kapita tena, tumemkosea nini?"

Hilo lilinichoma, Babu. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu akizungukwa anaona.

Alininywesha maji, akanipeleka nyumba ya pili, ya pili wakanipeleka ya tatu. Kufika jioni kilima kizima kina habari. Sasa jina langu ni Mposaji. Vibarua wakiniona nakuja wanasimama katikati ya mizabibu wanaita, "Mposaji! Umepata?" Siku za kwanza nilipita nimeinama. Jana nikajibu, "Bado natafuta!" Walicheka sana, na mimi nikacheka nikiwa peke yangu mpaka juu ya kilima.

Njia nimeibadilisha. Sasa inapita mbele ya nyumba, si nyuma. Lori hakuna hata moja, lakini kila baada ya kupanda kidogo kuna baraza: hapa maji, pale pampu, na kwa Mama wa Kona yupo mwanawe ambaye anaweza kuunga mnyororo. Anaunga vizuri, ila bado hanitazami usoni.

Niandikie. Utani wako sitautumia tena.

Mjukuu wako, Mposaji


30 Machi

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua iliyopita, natumaini ni posta tu. Kifua hakijaanza tena?

Kundi limekuja, na nimeliongoza. Asubuhi mbele ya banda nilikagua upya breki nilizokuwa nimeshazikagua. Wageni walikuwa wamevaa kofia zao ngumu, wananisubiri. Shangazi alisimama pembeni, hakunisaidia hata kwa jicho. Nikasema, "Karibuni. Njia hii haina malori, lakini ina watu. Mkiona mtu barazani msalimieni, kwa sababu mkipata shida yeye ndiye atakayewaokota." Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi zaidi ila yalipotea. Wakatikisa vichwa, tukaondoka.

Kwenye lami ya zamani ukungu ulikuwa haujapanda wote. Zabibu zimeiva, na ukipita karibu na mistari unasikia harufu yake tamu, nzito, kabla ya kuziona. Bondeni wavunaji walikuwa na makreti, wakaniita kama kawaida yao, na wageni wakataka kujua maana ya Mposaji. Ikabidi niwasimulie, Babu, kuanzia hodi mpaka kijiko. Mmoja alicheka akashindwa kupanda kilima, tukamsubiri. Tulipofika kwenye kona wote waligeuza shingo kumtafuta yule baba wa mvi. Alikuwa amejificha.

Mama mmoja tairi lake liliisha upepo kabla ya kiwanda cha divai. Nilikwenda nyumba ya jirani, nikapiga hodi, nikaomba pampu. Ni jambo dogo, najua. Nimekuandikia kwa sababu nilipofika bandani jioni ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimeogopa.

Usiku tukiosha vyombo Shangazi akasema, "Yule kiongozi wa mjini nimemwambia asije." Ananiajiri, Babu. Akaniuliza, "Nimwandikie baba yangu, au utamwandikia wewe?" Nikasema nitaandika mwenyewe.

Kwa hiyo naandika. Naomba baraka zako nibaki huku.

Mjukuu wako


14 Aprili

Babu,

Shikamoo. Bado sijapata barua yako. Nimemuuliza Shangazi, naye anasema ungekuwa mgonjwa fundi viatu angepiga simu mpaka usiku wa manane. Lakini hujawahi kunyamaza namna hii. Hata usingizini huwa unaongea.

Niandikie hata mstari mmoja tu.

Mjukuu wako


22 Aprili

Mchumba wangu,

Marahaba, marahaba, na nisamehe. Siumwi. Nilikuwa na shughuli, na shughuli yenyewe ni wewe.

Unamkumbuka mwenye duka la dawa, ng'ambo ya barabara, yule ninayemnyoa kila mwisho wa mwezi? Anatafuta msichana mtulivu wa kumsaidia. Nilipombana kidogo akiwa kwenye kiti, shuka shingoni, hana pa kukimbilia, akakubali. Nimeshakusemea! Unaanza tarehe moja mwezi wa sita. Na sikiliza uzuri wake: utakaa nyuma ya pazia, kazi yako kupanga maboksi kwenye rafu. Mteja hakuoni. Siku nzima hutalazimika kufungua mdomo. Aliniuliza kama wewe mwenyewe umekubali, nikamwambia namjua mjukuu wangu, amekubali.

Habari za kuongoza wageni zimenifurahisha mno. Nimeisoma barua ile saluni kwa sauti, na yule mteja wa povu alipiga makofi. Umeonyesha unaweza. Sasa basi, imetosha. Shangazi yako atapata mtu mwingine.

Jioni nikiwatoa wateja wa mwisho saluni inakuwa kubwa, sijui imeongezwa na nani. Nawasha redio, naizima. Naongea peke yangu kwenye kioo, na yule wa kwenye kioo naye anaongea wakati ule ule, hatusikilizani.

Njoo nyumbani.

Babu yako


28 Aprili

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi sana kujua huumwi. Nilikuwa nimeshatoa begi chini ya kitanda nije nikuone.

Barua yako niliisomea bandani. Mwanzo niliona raha, sitaficha. Nyuma ya pazia, hakuna anayeniona, na wewe uko ng'ambo ya barabara. Ungeniandikia hivyo mwezi wa pili ningekuja mbio. Kisha nikafika pale uliposema "amekubali". Babu, sikukubali. Hukuniuliza.

Sina hasira na wewe. Najua kwamba ulipokuwa unanijibia nilipokuwa mdogo ulikuwa unanifunika, kama unavyomfunika mteja ile shuka nywele zisimwingie. Nilipenda kukaa ndani yake. Umenilea vizuri, na mtu yeyote anayesema uliyamaliza maneno yangu hajui kwamba nilikuwa nasikiliza yako yote na kuyaweka. Lakini mtu hatoki barabarani na shuka ya kinyozi shingoni.

Siji kwenye duka la dawa. Nabaki huku.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaweka kalamu chini, nikatoka nje nikalizunguka banda. Nimerudi nimeikuta pale pale, na bado naiona ni ya kweli, kwa hiyo naiacha.

Kuhusu jioni zako, hapo ndipo ninapolia, na kulilia barua hii kumeharibu ukurasa mmoja tayari. Sina la kukupa isipokuwa nitakuandikia kila wiki, barua ndefu, yenye watu ndani. Mavuno yakiisha nitakuja nikae nawe siku nyingi tu, nikufagilie, nikupikie chai yenye sukari kidogo ugombane nami. Nitakaa, kisha nitarudi kazini.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Nigombeze. Usininyamazie tena, Babu. Huku nimeshazoea kila aina ya kimya, lakini chako nimeshindwa.

Mjukuu wako, hata ukikasirika


6 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi mzima wa afya, kifua hakina neno. Msalimie Shangazi yako na huyo Mama wa Kona.

Nilikasirika, kama ulivyoniomba niandike. Nilikasirika mpaka fundi viatu akaacha kunitania. Kisha asubuhi moja nikavua koti la kazi, nikavuka barabara mpaka duka la dawa, nikamwambia mwenye duka kwamba huji, nafasi ampe mtu mwingine.

Akaniuliza, "Kwa nini? Si ulisema amekubali?"

Unanijua. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, mengine mazuri kabisa. Nikayameza. Nikamwomba kalamu, nikamwandikia anwani yako.

"Hilo," nikamwambia, "muulize mwenyewe."

Babu yako